Anayesimama Upande wa Mnunuzi

Miongoni mwa mambo ambayo sisi tuliohamia Uingereza tumeyazoea hata hatuyatafakari tena ni jinsi nyumba inunuliwavyo huko. Mtu akishapendezwa na nyumba, iwe Leicester au Reading au kitongoji chochote cha London, na akishakubaliana na muuzaji juu ya bei, hampi mtu fedha, wala hatii sahihi popote, wala hakabidhiwi ufunguo. Bali humtafuta wakili wake na mkaguzi wake wa majengo, akawaachia wao shauri lote, naye akarudi kazini kwake kungoja barua. Majuma hupita, aghalabu miezi, na katika muda huo wote hakuna anayemwona kuwa mtu mwenye shaka nyingi au mwenye kuwavunjia wenziwe heshima.

Mtu huyohuyo, anapotaka nyumba ya Mombasa au kiwanja cha Mtwapa, hugeuka akawa mtu mwingine. Aliyekataa kutoa pauni moja pasipo wakili hupeleka mamilioni ya shilingi kwa ushahidi wa picha chache na nakala ya hati iliyotumwa kwa simu. Na ukimwuliza kwa nini, hukujibu kwa utulivu wa moyo kwamba shughuli ameishika binamu yake, na binamu ni damu. Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, na haya nimeyaona katika jamaa zangu na rafiki zangu walioko ughaibuni, wengine wauguzi wa zamu za usiku, wengine madereva wa mabasi, ambao akiba yao imekusanywa kwa taabu isiyoelezeka. Kwa ajili yao naandika. Rai yangu ni kwamba anachokinunua mtu kwa mtaalamu si elimu yake peke yake, bali ni dhima yake: hununua haki ya kumwendea siku ya mashaka na kumwambia, wewe ndiwe uliyenihakikishia, basi jibu. Ndugu hana dhima hiyo, wala haifai kumtwika.

Yafaa kwanza kuieleza kazi ya wakili wa Uingereza, kwa kuwa wengi wetu hulipa ada yake bila kujua alichokifanya. Sheria ya huko ni kongwe na ina ukali wake. Humtaka mnunuzi ajihadhari mwenyewe, na muuzaji, maadamu hakusema uongo, halazimiki kumtangazia mgeni kila kilema cha nyumba yake. Basi wakili huuliza. Huanzia katika daftari la ardhi la serikali, lililoanzishwa mwaka 1862, ambalo tangu Desemba 1990 limekuwa wazi kusomwa na mtu yeyote kwa ada ndogo. Na maandiko ya kila nyumba humo yana sehemu tatu, ya kwanza ikieleza mali yenyewe na mahali ilipo, ya pili ikimtaja mwenyewe, na ya tatu ikiandika madeni na masharti yaliyoifunga. Kisha hupeleka maswali kwa halmashauri ya mji, kujua kama barabara iliyo mbele ya mlango ni ya umma au ya mtu binafsi, na kama chumba kilichoongezwa nyuma kilipata kibali. Hupeleka kwa kampuni ya maji, kujua maji machafu yaelekea wapi. Na mahali palipochimbwa makaa ya mawe zamani, huuliza kama chini ya nyumba hakuna handaki lililosahauliwa. Mkataba haumfungi yeyote mpaka nakala zake zibadilishwe baina ya mawakili wa pande mbili, na hapo ndipo mnunuzi hutoa arbuni, ambayo kwa desturi ni asilimia 10 ya bei, nayo hukaa katika akaunti ya wateja, mbali na fedha za wakili mwenyewe. Dalali aliyekuzungusha vyumbani ni mtu wa muuzaji, na ujira wake watoka kwa muuzaji, na hakuna anayelificha hilo. Kila mmoja ajua amesimama upande gani.

Kazi ya mkaguzi wa majengo huonekana kwa macho zaidi. Nilipata kumfuata mmoja katika nyumba ya matofali mekundu ya zama za Malkia Victoria, ambayo rafiki yangu alikuwa ameipenda kwa ajili ya madirisha yake mapana. Mkaguzi hakuyajali madirisha. Alisimama kwanza ng'ambo ya barabara, akalitazama paa kwa kitambo, akilinganisha mstari wake na wa nyumba jirani. Kisha akaingia ndani, akaomba ruhusa, akasogeza kabati lililokuwa limeegemezwa ukutani, akachomeka katika plasta chombo kidogo chenye sindano mbili, akasoma namba. Akashuka chini kiasi cha shibiri, akachomeka tena, na namba ikapanda. Akashuka mpaka karibu na sakafu, ikapanda zaidi. Hakusema neno, aliandika tu. Akapanda ngazi mpaka darini na tochi yake, akakaa huko muda mrefu, na aliposhuka mabega yake yalikuwa meupe kwa vumbi. Ripoti ilipokuja ilieleza kwamba ukuta ule ulikuwa ukinyonya unyevu kutoka ardhini, kwamba kabati halikuwekwa pale kwa uzuri wake, na kwamba mbao mbili za paa zilikuwa zimeliwa na wadudu. Rafiki yangu alimrudia muuzaji na karatasi hizo, na bei ikapunguzwa kwa kadiri ya gharama za matengenezo. Ada ya mkaguzi ilikuwa sehemu ndogo sana ya punguzo lile.

Wapo wanaojidanganya kwamba benki inayowakopesha imekwisha kuikagua nyumba kwa niaba yao. Benki humtuma mthamini kwa faida yake, ajue kama dhamana yatosha deni, basi. Na mthamini huyo aweza kumaliza kazi yake bila kufungua kabati wala kupanda darini. Hata hivyo ipo kesi moja mashuhuri ambayo yafaa ijulikane na kila anunuaye nyumba huko. Katika mji wa Norwich, mwanamke mmoja alinunua nyumba ya bei ya wastani kwa kutegemea ripoti ya mthamini wa mkopeshaji, iliyosema kwamba hakuna matengenezo makubwa yanayohitajika. Mthamini alikuwa ameona kwamba sehemu ya chini ya bomba la moshi ilikwisha kuondolewa, lakini hakutazama kama sehemu ya juu iliwekewa nguzo ya kuishikilia. Yapata miezi 18 baadaye, matofali ya juu yaliporomoka, yakatoboa paa, yakaangukia chumba cha kulala. Mwaka 1989, mahakama ya juu kabisa ya nchi hiyo, ambayo wakati huo ilikuwa ni Baraza la Malodi, iliamua kwamba mthamini alikuwa na wajibu kwa mnunuzi pia, ijapokuwa aliajiriwa na mkopeshaji, na ijapokuwa karatasi zake zilikuwa zimeandikwa maneno ya kujivua dhima. Mwanamke yule alilipwa fidia.

Kesi ya pili ni ya juzi juzi, nayo ina mafunzo makubwa zaidi kwetu sisi tunaotoka katika nchi ya hati bandia. Laghai mmoja alijifanya mwenye nyumba iliyoko London, akaiuza kwa zaidi ya pauni milioni moja, na fedha zilipokwisha kupita mikononi mwa mawakili wa pande zote mbili, akatoweka nazo. Mnunuzi hakupata nyumba wala fedha. Lakini Mahakama ya Rufaa, mwaka 2018, iliwatwika mawakili dhima: wa muuzaji, na hata wa mnunuzi, ijapokuwa hawakuwa na hila yoyote, kwa kuwa fedha walizokabidhiwa ziwe amana walizitoa pasipo mauzo ya kweli. Ughushi umo Uingereza pia. Tofauti ni kwamba mnunuzi, akishaibiwa, hubaki na mtu mwenye bima na mwenye leseni wa kumdai.

Sasa na turudi pwani. Watu husema kwamba mambo ya ardhi ya kwetu ni mepesi, kwa kuwa twajuana. Nami naona kinyume chake, kwamba hakuna mahali ambapo mnunuzi amhitaji mtaalamu zaidi kuliko ukanda huu wetu, ambao ulikuwa chini ya Sultani wa Zanzibar, kisha ukawekwa chini ya ulinzi wa Waingereza, na kila utawala ukaacha tabaka lake la hati na madai juu ya ardhi ileile. Sheria ya mwaka 1908 iliwataka wote wenye madai ya ardhi ya pwani wayapeleke mbele ya maofisa yakaandikwe. Walioelewa wakaandikisha, na wasioelewa, au waliokuwa mbali, wakaamka wakiwa wageni katika mashamba ya babu zao. Kwa chanzo hicho, pamoja na mengine, imetokea desturi isiyojulikana Leicester wala Reading, nayo ni ya nyumba bila ardhi: mtu amejenga nyumba yake ya Kiswahili, ya ukumbi wa kati na vyumba huku na huku, katika mtaa kama Majengo, amezaa humo na kuzika wazee kutoka humo, lakini ardhi iliyo chini ya kuta ni ya mwingine, ambaye hulipwa kodi ya kiwanja kila mwezi. Nyumba kama hiyo huuzwa, na kuiuza si dhambi, ikiwa mnunuzi amejulishwa kwamba ananunua mawe na mabati na milango, na kwamba mwenye ardhi ana maneno yake. Aliyeko ughaibuni, akiona katika picha nyumba safi yenye mlango wa kuchonga na bei nafuu, ataujuaje urahisi ule watoka wapi? Wakili angemwambia katika siku ya kwanza.

Tena kuna wakfu. Wazee wetu wengi, kwa kumcha Mungu na kwa kuwahurumia wajukuu, waliziweka nyumba zao wakfu, nyingine kwa msikiti, nyingine kwa kizazi chao wenyewe. Na mali ya wakfu haiuziki kama mali nyingine, hata wote wanaokaa ndani wakikubaliana kuiuza. Kenya ina Tume ya Wakfu kwa ajili ya mambo hayo, na swali linalopaswa kupelekwa huko ni fupi, lakini ni nadra kumwona dalali akilipeleka.

Na kuna mirathi, ambayo kwangu ndiyo kubwa kuliko zote. Nyumba ya Mji wa Kale aliyoiacha babu haina mwenyewe mmoja. Ina watoto wake, na watoto wa waliokufa kabla haijagawanywa, na mjane wa pili ambaye watu hawamtaji, na shangazi aliyeolewa Lamu, na mjomba aliyehamia Maskati, ambaye wanawe sasa ni Waomani wasiopata kuiona Mombasa. Na kila mmoja ana fungu lake lililo wazi katika sheria ya Kiislamu, iwe ni thumni au sudusi au chini ya hapo. Anayekaa ndani ya nyumba, kwa kuwa ndiye mwenye ufunguo, hujiona ndiye mwenye nyumba, na huenda akaiuza kwa nia njema kabisa, akikusudia kuwapelekea wenziwe haki zao baadaye. Sheria ya Kenya hairuhusu hivyo: mpaka mahakama, ambayo kwa Waislamu aghalabu ni ya Kadhi, imewatambua warithi na kumpa mtu mamlaka ya kuisimamia mali, anayeiuza anauza asichokuwa na uwezo wa kukiuza, na kujiingiza katika mali ya maiti bila idhini ni kosa la jinai. Wakili mwema huomba kuiona hati ya usimamizi kabla ya kuiona hati ya ardhi. Huuliza pia juu ya mke au mume wa muuzaji, kwa kuwa tangu sheria ya mwaka 2013 nyumba ya ndoa haiuzwi pasipo ridhaa ya mwenziwe.

Mwenye kushika hati hujiona amesalimika. Mali bila daftari hupotea bila habari, walisema wazee, nami nakubali. Lakini daftari nalo lina asili yake, na asili ikiwa mbovu, yaliyoandikwa juu yake hayasimami. Kipo kiwanja kimoja cha Nyali, karibu na bahari, kilichogawiwa mwaka 1989 kwa aliyekuwa Rais wakati huo, Daniel arap Moi, kisha kikauzwa, mpaka kikafika kwa kampuni iliyokinunua kwa fedha zake na kupewa hati. Mwaka 2017, serikali ya kaunti ya Mombasa ikaubomoa ukuta wa kiwanja hicho ili kufungua njia ya kwenda ufuoni. Kesi ikapanda mahakama hata mahakama, na tarehe 21 Aprili 2023, Mahakama ya Upeo ya Kenya ikaamua kwamba kiwanja kile kilikuwa sehemu ya wazi ya umma, kwamba ugawaji wa kwanza haukufuata sheria, na kwamba mnunuzi wa baadaye hawezi kujitetea kwa kusema alinunua kwa nia safi na hati mkononi, ikiwa mzizi wa hati yenyewe ni batili. Katiba ya mwaka 2010 imekwisha kusema kwamba ulinzi wa mali hauifikii mali iliyopatikana kinyume cha sheria, na sheria ya usajili wa ardhi ya mwaka 2012 yasema hati yaweza kutenguliwa ikiwa ilipatikana kwa njia haramu au ya rushwa.

Taathira ya hukumu hiyo kwa mnunuzi mdogo ni kubwa mno. Zamani ilitosha kwenda kwa msajili, ukaomba upekuzi rasmi, ukaona jina la muuzaji limeandikwa na hakuna deni wala zuio, ukarudi nyumbani ukalala. Siku hizi hata upekuzi huo, pale ambapo mfumo wa mtandaoni wa Ardhisasa uliozinduliwa mwaka 2021 umefika, waweza kuuombea ukiwa Uingereza. Lakini upekuzi hukuonyesha aliyeandikwa leo, haukuelezi ardhi ilitokaje mikononi mwa umma ikaingia mikononi mwa mtu. Kulijua hilo ni kufuatilia hati ya kwanza ya ugawaji, na ramani ya mipango ya mji, na kila uhamisho uliofuata, faili baada ya faili, kazi ya mtu aliyesoma na anayejulikana katika maofisi. Hakuna binamu awezaye kuifanya kazi hiyo, hata akiwa na mapenzi ya malaika. Nilipoziona picha za nyumba zilizovunjwa Mavoko mwezi Oktoba 2023, katika ardhi ambayo mahakama ilikuwa imeamua ni ya kampuni ya saruji, nyumba za ghorofa, zenye vigae na bustani, zilizojengwa na watu waliotoa fedha zao halali, sikuweza kula siku ile.

Kwetu sisi tulio nje kuna jambo jingine ambalo wengi hawalijui mpaka limewadhuru. Aliyechukua uraia wa Uingereza kabla ya Katiba mpya ya tarehe 27 Agosti 2010 alipoteza uraia wake wa Kenya siku ileile, wala haukurudi wenyewe. Humpasa aombe kurudishiwa. Kabla hajafanya hivyo, yeye mbele ya sheria ni mgeni, na mgeni hawezi kumiliki ardhi Kenya illa kwa mkataba wa kupanga usiozidi miaka 99. Na ikiwa ardhi ni ya kilimo, kama zilivyo nyingi za Kilifi na Kwale zinazouzwa kwa jina la viwanja, mauzo yake yahitaji idhini ya bodi ya ardhi, na bodi hairuhusiwi kuitoa kwa asiye raia. Mauzo yasiyopata idhini ni batili tangu mwanzo. Kuna watu wazima, wazaliwa wa Kibokoni na Makadara, ambao kwa kukosa barua moja ya uhamiaji wameshika karatasi zisizo na nguvu yoyote.

Baada ya wakili, mpima ardhi. Nilikuwa Mtwapa na jamaa yangu mmoja, aliyekwisha kuoneshwa kiwanja mara nyingi na dalali, kiwanja kizuri, chenye minazi, na mtu wa kukaa hapo akikifyeka. Kwa kusihi kwangu alimleta mpima mwenye leseni, kijana wa makamo aliyevaa kofia ya majani, pamoja na msaidizi na jembe. Alifungua ramani ya msajili juu ya boneti ya gari, akaitazama, akatembea mpaka pembe ya kwanza, akamwonesha msaidizi pa kuchimba. Jembe lilipiga kitu kigumu: kipande cha nondo kilichosimikwa katika zege, cheusi kwa kutu, kikifunikwa na mchanga na mizizi. Bikoni ya kwanza ikawa imepatikana, na ya pili ikapatikana mahali pake. Ya tatu walichimba mpaka wakachoka. Kijana yule akapima upya, akahesabu, akaanza kutembea polepole kuelekea upande ambao sisi hatukuutazamia, mpaka akasimama mbele ya ukuta wa jirani, akaugusa kwa mkono, akasema kwa sauti ya heshima, "Mzee, bikoni yako iko ndani ya choo cha huyu bwana." Dalali alisema kwamba hayo ni mambo ya kuelewana baina ya majirani. Jamaa yangu hakubisha naye. Alikunja ramani yake, na fedha zake zikabaki benki.

Naijua hoja itakayotolewa dhidi yangu, kwa maana nimeambiwa usoni mwangu: kwamba kuingiza wakili kati ya ndugu na ndugu ni kumtilia shaka, na kwamba hizi ni tabia za Wazungu tulizozipata ughaibuni. Mimi nasema si hivyo, na hoja yangu siitoi London. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Kurani tukufu, katika sura ya Al-Baqara, si aya ya Kiyama wala ya Pepo. Ni aya ya kuandikiana deni, inayotaka awepo mwandishi atakayeandika kwa uadilifu, na mashahidi, na inayowataka watu wasione uchovu wa kuandika jambo likiwa dogo au kubwa, na inayotaja kushuhudisha watu wanapouziana. Watu wa pwani walilijua hilo. Hati za kale za nyumba za Mombasa na Lamu, zilizoandikwa kwa Kiarabu mbele ya Kadhi, zimetaja mipaka ya kila upande, kibla na matlai, na majina ya mashahidi. Wazee wale walipendana kuliko sisi. Waliandika kwa sababu walitaka mapenzi yao yadumu, na mwandishi alikuwa mtu wa tatu, asiye na fungu katika mali.

Tena namwonea huruma yule binamu. Hakuomba kazi ile. Tumempa fedha ambazo yeye hajapata kuzishika maishani, tukamtaka atambue hati ya kughushi ambayo hata karani wa ofisi angeweza kuikosea, tukamweka mbele ya dalali aliyeishi kwa ulimi wake miaka yote. Na linapoharibika, twamwita mwizi, na jamaa hugawanyika mapande mawili, na watu hawasalimiani katika mazishi. Nimeziona nyumba mbili za ukoo zikivunjika hivyo, na katika moja sina shaka kwamba kijana alikuwa mwaminifu, alihadaiwa tu.

Basi wakili awe wako, si wa muuzaji, wala si yule mmoja ambaye dalali asema "huwatumikia wote wawili ili kupunguza gharama". Gharama hiyo ikipunguzwa, kilichopunguzwa ni ulinzi wako. Jina lake liangaliwe katika orodha ya Chama cha Mawakili wa Kenya, kama ana leseni ya mwaka huu, kwa kuwa matapeli wenye suti na ofisi wapo. Arbuni ni asilimia 10, kama Uingereza, na kwa masharti ya mauzo ya Chama hicho ya mwaka 2015 shughuli hukamilika kwa kawaida ndani ya siku 90; fedha zipitie baina ya mawakili kwa ahadi zao za maandishi, zisipitie simu ya mtu. Ushuru wa stempu, asilimia 4 mjini na asilimia 2 mashambani, ulipwe kwa thamani ya kweli, maana anayekushauri uandike bei ya uongo anakufundisha kuutia mkataba wako ila kwa mkono wako. Ukimpa mtu hati ya uwakala, itaje kiwanja kimoja na kazi moja, ithibitishwe huko uliko na isajiliwe Kenya, na isimpe uwezo wa kuuza ikiwa umemtuma kununua. Nakiri kwamba mawakili nao wamo waovu, na kesi zao husikizwa. Lakini kuna mahali pa kuwashitaki, yaani tume ya malalamiko na mahakama ya nidhamu yao, na wana leseni ya kupoteza. Nakiri pia kwamba utaratibu wa Uingereza una aibu yake, kwa kuwa kabla ya mikataba kubadilishwa, muuzaji aweza kuivunja ahadi na kumpa nyumba mwenye bei kubwa zaidi, nawe umekwisha kumlipa mkaguzi. Katika hilo neno la mzee wa kwetu lilikuwa bora.

Na ndugu abaki na kazi ambayo wakili hawezi kuifanya, nayo si ndogo. Aende akakione kiwanja masika, siku mvua inaponyesha, atazame maji yanatuama wapi. Aende usiku, asikie kelele za jirani. Akae barazani na wazee wa mtaa, anywe kahawa, aulize nyumba ile ilikuwa ya nani, na kwa nini yule wa kwanza aliyetaka kuinunua aliacha, na kama kuna mtu hudai. Kwa maana katika mitaa yetu mzee mmoja hukumbuka madai ambayo hayajapata kuandikwa popote. Anayoyasikia yote ayaandike, na majina ya waliosema, ampelekee wakili kabla arbuni haijatoka benki.